Doti ya Roketi

Dereva aliyenipokea uwanja wa ndege wa Riyadh hivi majuzi ni kijana wa Machakos aitwaye Mutua. Kabla hatujatoka kwenye maegesho alikuwa ameshaniita "mathe", akaomba radhi, akaniita "madam", akaomba radhi tena, kisha tukapatana kwamba "mama" inatosha. Nilikuwa nimealikwa kwenye kongamano la wafasiri, kusoma makala ambayo, nikiwa mkweli, hata mimi nisingeketi kuisikiliza. Foleni ilipotukwamisha, Mutua akanigeuzia simu yake iliyobandikwa karibu na usukani.

"Cheki hii kitu, mama. Imerushwa leo asubuhi."

Roketi ndefu nyeupe ilikuwa ikipanda juu ya moshi wake. Mwilini ilikuwa na miraba myeusi, mmoja juu, mwingine chini, bila mpango wowote wa kuonekana.

"Hapo kwa hizi nyeusi-nyeusi ndio siwaelewi," akasema. "Ni kama fundi aliishiwa na rangi akaenda lanchi."

"Ni za kuonyesha roketi imegeuka vipi," nikamwambia. "Wanaoitazama kutoka chini wanataka kujua imewaelekezea upande gani."

Akanitazama kwa kioo. "Kumbe wewe ni injinia."

"La. Mimi huandika insha."

"Aah," akasema, kwa huruma ile ile ya shangazi zangu. "Lakini si unakula?"

Nikamwambia ninakula. Akafikiri kidogo, gari likasogea hatua chache, akauliza mambo ya roketi nilifunzwa wapi basi, kama si injinia. Nikamwambia nilifunzwa hapa hapa Riyadh, na babangu, ambaye alianza kwa kukosea. Mutua akacheka akidhani ni utani. Hatukupata nafasi ya zaidi, kwa sababu foleni ilifunguka na hoteli ikafika. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia nyinyi wa rika langu, tuliofika umri wa kuwakumbuka wazazi wetu wakiwa vijana kuliko sisi tulivyo sasa.

Baba alikuwa mwandika mabango. Mombasa aliandika majina ya maduka, bei za nyama kwenye vibao vya bucha, na zile methali ambazo madereva wa malori hupenda kuonekana nazo kwa nyuma. Jeddah alifanya kazi hiyo hiyo katika karakana moja ya mtaa wa Sharafiya, mali ya mtu tuliyemwita Abu Saidi, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wake, yaani mdhamini wa kazi na viza yake. Karakana ilikuwa chini, chumba chetu juu yake, na harufu ya tina ya kuzimulia rangi na ya tapentaini ilipanda ngazi bila kubisha hodi. Mpaka leo nikipita mahali pamepakwa rangi mpya mate hunijaa kinywani, kwa sababu utotoni mwangu harufu hiyo ilitangulia chakula cha mchana.

Waarabu wana heshima yao kwa mtu anayejua kuandika herufi zikapendeza. Humwita hattati. Mafundi wa karakana walimwita Baba hattati, wateja walimwita hattati, hata muuza juisi wa pembeni alimwita hattati. Lakini kwenye ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, pale penye mstari wa kazi, palikuwa pameandikwa amili, yaani kibarua. Tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa ni mimi na Mama. Hattati aliruhusiwa kuishi na mke na mtoto. Amili, kwa sheria, alikuwa mikono miwili tu iliyoletwa kufanya kazi, na mikono haina familia. Sisi wawili tulikuwa tumeingia kwa viza ya ziara, aliyotutolea Abu Saidi kwa hisani yake, na ziara kama mjuavyo ina mwisho.

Mimi ikama niliielewa kwa namna yangu. Nilidhani neno lenyewe ni letu, kama mtu aliyeanza kusema "ikamate" akakatizwa. Ushahidi ulikuwepo. Kila Baba alipotoka nje alipigapiga mfuko wa kifuani kuhakikisha ipo, na kila askari aliposogea Baba aliikamata kabla hajaulizwa. Nikahitimisha kwamba katika nchi hii kila kitu kina ikama, na kwamba magari yameandikwa namba mbele na nyuma kwa sababu hayana mifuko. Hitimisho hili lilinitosheleza kwa muda mrefu. Nimesoma chuo kikuu, nimetetea tasnifu mbele ya maprofesa watatu, na sijawahi tena kuwa na nadharia iliyofafanua mambo mengi hivyo.

Siku moja Abu Saidi alipanda ngazi zetu mwenyewe, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na kanzu yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Mama akaingia nyuma ya pazia. Baba akapika kahawa. Abu Saidi akaeleza kwamba kule Riyadh kunatayarishwa maonyesho ya sayansi, na katikati ya ukumbi itasimamishwa roketi, si ya kuruka, ya mbao na mabati, yenye urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Karakana yake ndiyo iliyopewa kuipaka rangi na kuiandika alama zote kama ilivyo ya kweli.

"Ya Bakari," akamwambia Baba, "ukiitoa hii safi, nakwenda mwenyewe ofisini nakubadilishia kazi. Amili halas. Hattati. Wallahi."

Baba alipomsindikiza na kurudi, Mama alikuwa ameshatoka nyuma ya pazia.

"Kaapa?" akauliza.

"Kaapa."

"Kaapa huku akikutazama, au huku akivaa viatu?"

"Mama Tima, nawe. Kaapa basi."

Tima ni mimi. Tulikwenda Riyadh sote watatu kwenye gari la karakana, na makopo ya rangi nyuma yetu yakigongana njia nzima jangwani. Tukapata chumba Al-Dirah, juu ya duka la fundi cherehani, katika mtaa ambao kuta zake za udongo zilihifadhi ubaridi wa asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Mama alipika kwa jiko la mafuta, na mchana tulimpelekea Baba chakula ukumbini. Mama alibaki mlangoni ndani ya baibui lake. Mimi niliingia na chakula, na kwa hivyo ni mimi niliyeiona roketi kwanza.

Ilikuwa imelazwa juu ya mihimili, maana wangeisimamisha ikishakamilika. Ubavuni ilifungwa roketi mbili ndogo za kuisukuma, moja huku na moja huku, kama mama aliyebanwa na mapacha. Baba alikuwa ameshaipaka nyeupe yote. Pembeni alikuwa na picha aliyopewa kuifuata, picha ya kweli ya roketi ya kweli, na alikuwa akiitazama kwa uso wa mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Ndo nini, Baba?"

"Hii picha ina makosa."

Akanionyesha. Roketi ndogo ya kushoto ilikuwa na mshipi mweusi shingoni. Ya kulia haina. Kwenye ile kubwa kulikuwa na miraba myeusi juu upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu hapo ila mraba mmoja peke yake chini. Herufi nazo hazikwenda kulia wala kushoto. Zilishuka kutoka kichwani kwenda miguuni, moja chini ya mwenziwe. Hizo mimi sikuzionea ajabu. Nilielewa mara moja kwamba angani hakuna kulia wala kushoto, hivyo Waarabu na Wazungu walipatana wote waandike kuelekea chini. Tena nilifurahi kuona namba, kwa sababu roketi nayo haina mfuko.

"Mzungu kapaka ubavu mmoja, akaitwa kula, hakurudi," akasema Baba. "Mimi siwezi kutia jina langu kwenye kazi kama hii."

Inafaa mumwelewe. Kabla ya mabango, Baba alikuwa mtoto wa mama muuza kanga. Alikulia kati ya mafurushi, akikata doti na kuzikunja, na jicho lake lilifundwa na kanga. Pindo la huku ni sawa na pindo la kule. Kipande cha kwanza ni sawa na kipande cha pili. Mtu akikuuzia doti ambayo kipande kimoja kina mstari na kingine hakina, unairudisha dukani na unarudi na maneno. Sasa anapewa roketi mbili za kufanana, zilizofungwa pamoja, na anaambiwa moja aivishe mshipi na nyingine aiache shingo wazi. Baba akafanya ambavyo fundi yeyote mwenye kujiheshimu angefanya. Akasahihisha. Roketi ndogo zote mbili zikapata mishipi. Miraba ya huku ikapata wenzake kule, akipima kwa uzi na chaki mpaka pande zote zikalingana.

Nilimletea Mama habari mlangoni kwamba imekuwa nzuri kama kanga mpya, na Mama akasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Chakula hicho tulikila pamoja pale pale mlangoni, Baba akiwa ndani ya kizingiti na Mama nje, na Baba aliongea sana, akipanga chumba gani tutafute Sharafiya tukishakuwa na ikama zetu, chenye dirisha la kutazama barabara.

Aliyekuja kukagua hakuwa Abu Saidi. Alikuwa mhandisi, Mmisri mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu asiye na haraka. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nasubiri bakuli. Alizunguka roketi polepole, akarudi pale alipoanzia, akazunguka tena. Kisha akamwambia Baba kwamba kazi ni nzuri sana na kwamba yote ni makosa.

Baba akasema picha ndiyo yenye makosa.

Mhandisi hakukasirika. Alichukua vikombe viwili vya kahawa, vyeupe, vya kufanana, akaviweka juu ya mhimili. Akaniambia mimi, kwa Kiarabu cha taratibu, nifumbe macho. Nikafumba. Aliponiambia nifumbue, akauliza: "Nimekizungusha kipi?"

Sikujua. Baba naye hakujua.

Akachovya kidole kwenye kopo la rangi nyeusi, akapaka doa ubavuni mwa kikombe kimoja. Nikafumba tena. Nilipofumbua, doa halikuwa likinitazama tena, lilikuwa limechungulia upande wa dirisha. "Hiki!" nikasema.

"Hiki," akasema mhandisi. Akamgeukia Baba, akaeleza kwamba roketi ya kweli ikiruka kuna watu chini wanaifuata kwa kamera kutoka mbali sana. Kila kitu ni cheupe, kila kitu ni cha mviringo. Ikijizungusha, watajuaje? Ikipinda, watajua imepinda kuelekea wapi? Na zile ndogo zikichomoka na kuanguka, ipi ni ya kushoto na ipi ya kulia? Alama zikilingana pande zote, ni sawa na kutokuwa na alama. Umeivisha nguo nzuri, akasema, lakini umeificha.

Baba alisimama pale na brashi mkononi. Mtu aliyemjua vizuri angeona kwamba hakuwa akifikiria roketi. Maonyesho yalikuwa karibu, na kati yake na lile neno hattati sasa palikuwa na miraba myeusi ya kukwangua.

Jioni hiyo chumbani hakugusa wali. Alimweleza Mama, na maneno yakamtoka kwa uchungu wa mtu aliyeonewa na umbo la dunia. "Yaani kitu kizuri kiharibiwe kwa makusudi. Doti ni doti, Mama Tima. Vipande viwili vikitofautiana si doti."

Mama alikuwa anachambua dengu. "Kwani ni doti?" akauliza. "Zile mbili ndogo si kama mapacha?"

"Basi?"

"Basi pacha hawavishwi sawa. Wale Hassan na Husseni wa jirani yetu kule nyumbani, mmoja si alifungwa uzi mweusi mkononi tangu siku ya arubaini? Mamake hakuwa akimpamba. Alikuwa akiogopa kumnyonyesha mmoja mara mbili."

Baba akauvuta wali.

Aliirudia kazi yote. Sikuona alivyoikwangua, lakini niliona alivyomaliza, na ninakumbuka kwamba sikuipenda. Upande mmoja ulikuwa na mambo na mwingine ulikuwa mkiwa. Baba mwenyewe alipaka mraba wa mwisho akiwa amegeuza shingo kidogo, kama mtu anayechinja kuku aliyemlea. Lakini mhandisi alizunguka mara moja tu, akampa mkono. Na siku walipoisimamisha, Abu Saidi alikuja toka Jeddah kwa ndege, akasimama chini yake na wageni wake, akasema kwa sauti iliyojaa ukumbi: "Hii kazi ya hattati wangu." Alisema hattati. Mama, mlangoni, alisikia.

Tukarudi Jeddah kungoja.

Kungoja kwa mtoto ni kitu cha ajabu kwa sababu hakuna anayekwambia kwamba unangoja. Niliona tu kwamba watu wazima wameanza kuongea kwa nusu sentensi. Abu Saidi alikuja karakana, akasema bukra, kesho. Alikuja tena, akasema ofisi imefungwa. Alikuja tena, akasema nafasi za hattati zimejaa, mafi, yaani hakuna, labda mwaka ujao, inshallah. Baba akasema inshallah. Juu chumbani Mama akasema, "Abu Saidi amegeuka."

Nikashtuka, maana hilo nililielewa. Nilikuwa mtu pekee wa rika langu pale Sharafiya aliyejua taaluma ya mambo yanayogeuka. Aliporudi tena karakana nilishuka ngazi, nikamkuta amesimama katikati ya mabango, nikaanza kumzunguka. Kanzu nyeupe mbele. Kanzu nyeupe nyuma. Nyeupe mabegani, nyeupe mpaka kwenye viatu. Nikarudi nilipoanzia, nikazunguka tena, kama mhandisi.

"Huyu mtoto atafuta nini?" Abu Saidi akamuuliza Baba kwa Kiarabu, akitabasamu.

"Tima, wafanya nini wewe?" Baba akaniuliza kwa Kiswahili, bila tabasamu lolote.

"Mama asema amegeuka," nikajibu. "Lakini sioni kageukia wapi. Hana alama hata moja."

Baba akamwambia Abu Saidi kwa Kiarabu safi kabisa kwamba mtoto anaistaajabia kanzu, anasema haijawahi kuonekana kanzu nyeupe namna hii. Abu Saidi akacheka mpaka tumbo likatikisika, akanipa peremende. Nikiwa mfasiri leo, nikialikwa kongamano baada ya kongamano kujadili uaminifu kwa matini, humkumbuka Baba pale kati ya mabango. Sijaona tafsiri iliyookoa watu wengi kwa maneno machache hivyo.

Nilimchukia Abu Saidi kwa miaka, kwa bidii, kama mtoto anavyojua kuchukia. Siku hizi sina uhakika. Huenda kweli nafasi zilijaa. Huenda hakugeuka hata kidogo, alikuwa vile vile tangu siku aliyokunywa kahawa yetu, ila sisi tulikuwa tumeuona upande mmoja tu.

Viza ilikuwa inakwisha. Mchana mmoja, ule wakati ambao mji mzima hujilaza, nikiwa nimelazwa mkekani na macho yangu nikiyafumba nusu, nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba si lazima tuondoke.

"Wako wengi hapa Sharafiya bila karatasi," akasema. "Wafanya kazi, wazaa, wakaa. Usitoke mchana tu. Mtoto nitamletea vitabu."

Mama akauliza, "Na mlango ukigongwa?"

"Waingia kwa jirani, Bi Zuhura, hapo nyuma."

"Na kwa Bi Zuhura ukigongwa?"

Mama akaendelea.

"Sikiliza, Baba Tima. Ile roketi waliichora ubavuni ili ijulikane iko wapi hata ikipotea. Mimi wataka niishi niwe sijulikani niko upande gani wa mlango? Nina jina. Mtoto ana jina. Twende kwetu tukaitwe kwa majina yetu, nawe utatufuata ukichoka kuwa mikono."

"Utaniona nimeshindwa."

"Ntakuona uko mbali tu. Kushindwa ni jambo lingine."

Nilisikia Baba akiinuka, akashuka ngazi kwenda karakana ambako wakati huo hapakuwa na kazi, na kwa muda mrefu hapakusikika brashi wala kopo. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu. Baba angebaki, kwa sababu ada ya shule Mombasa ilitegemea mikono yake, na sisi tungekwenda. Alibaki kweli, akiwa amili kwa sheria na hattati kwa mdomo, mpaka nilipokuwa msichana mkubwa mwenye aibu ya kumkumbatia. Lakini hayo sikuyajua, na nadhani wao pia hawakuyajua. Walidhani ni kitambo.

Siku ya safari Baba alivaa kanzu yake nzuri, nyeupe, ya Ijumaa. Mama alikuwa amekaanga mahamri ya njiani na kuyatia kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Dakika ya mwisho, pale pale kwenye foleni ya pasipoti, akaona aibu kuingia ndegeni na mfuko kama anatoka sokoni, akayahamishia kwenye mkoba, akampa Baba mfuko mtupu. Hawakusema maneno makubwa. Baba aliniambia nisome. Mama alimwambia asisahau kula kitu cha moto. Askari akagonga muhuri, akasema yalla, tukapita.

Ng'ambo ya hapo kulikuwa na kioo kirefu, na kupitia kioo hicho ungeweza kutazama nyuma ukumbi mzima tuliotoka. Ulijaa wanaume, na wote walivaa kanzu nyeupe. Kutoka kule nilikosimama walikuwa kama vikombe vilivyopangwa. Nilijua Baba yuko karibu na nguzo fulani, na karibu na nguzo hiyo kulikuwa na mtu wa urefu wake. Lakini uso ulikuwa mbali mno, mdogo kama punje, na nyuma ya kichwa ni nyeusi na ndevu ni nyeusi.

"Bado yuko?" akauliza Mama. Alikuwa amelitazama lango letu, hakutaka kugeuka. Alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu iliyoniumiza.

"Yuko."

"Atutazama?"

"Sijui." Nilianza kulia. "Sijui, Mama. Nyeupe tu."

Sijui Baba aliona nini kutoka upande wake. Labda aliniona nimebandika uso kwenye kioo nikiuzungusha kichwa huku na huku. Labda aliwaza tu, kama fundi. Yule mtu wa karibu na nguzo alisogea, akakunjua kitu, akakinyoosha kwa mikono miwili, akakiweka kifuani. Mraba mweusi. Ulikuwa mfuko wa mahamri. Watu wawili waliokuwa karibu naye walimtazama, wakajisogeza kidogo, kama mtu anavyojisogeza pembeni mwa mwendawazimu mpole. Yeye hakusogea. Alisimama wima, mweupe mwili mzima, na mraba mweusi upande mmoja.

"Atutazama," nikasema.

"Wajuaje?"

"Kajipaka alama."

Ndipo Mama akageuka. Alitazama kwa muda, mdomo wake ukafanya kitu ambacho wakati ule nilidhani ni kicheko. "Huyu mtu," akasema. "Na mfuko wa takataka." Halafu akajifunika uso kwa ncha ya baibui, akaniongoza kwenda mbele, kwa sababu safari yetu ilikuwa imeitwa. Alitembea bila kutazama nyuma tena, na mimi nilitembea kinyumenyume, nikivutwa, nikijikwaa kwenye mizigo ya watu.

"Bado?" akauliza baada ya hatua kadhaa.

"Bado."

Tukapita wauza manukato, tukapita familia iliyolala juu ya masanduku yake. Ukumbi ukawa mdogo, wanaume wakawa wadogo, nguzo ikawa kama kijiti. Mbele yetu ujia ulikuwa unapinda.

"Na sasa?"

"Bado," nikasema.